Sentensi Moja Kwenye Ramani: Jinsi Chicago Ilivyopata Jukwaa Lake la Ziwani

Nilikuwa darasa la tano. Asubuhi ya Jumatano, Novemba 5, 2008, mzee alikataa katakata kwenda kazini mpaka Obama amalize kuhutubia. Huku kwetu ilikuwa kama saa mbili asubuhi, kule Chicago bado ni usiku wa tarehe 4. Hotuba yenyewe siikumbuki (Kiingereza kilinipita mbali). Ninachokumbuka ni ule uwanja. Giza, majani, umati uliokadiriwa kufika watu 240,000, na nyuma yao ukuta wa maghorofa yaliyowaka taa. Nikamuuliza mzee: mbona hapo katikati ya mji hawajajenga? Akanijibu: nyamaza, nasikiliza.

Swali hilo nimekaa nalo miaka yote hii. Na sasa kazi ya uandishi inanipeleka kila mara kwenye mikutano ya wananchi ambako uwanja wa watoto kuchezea mpira umeamka umezungushiwa mabati. Hakosekani mtu wa kusimama na kusema, "Kwenye ramani hapa ni eneo la wazi." Na mwenye mabati huwa anatabasamu tu.

Basi hebu sikilizeni ya Chicago, maana nako mambo yalianzia kwenye ramani.

Mwaka 1836, kabla Chicago haijatambuliwa rasmi kuwa jiji, makamishna waliopewa kazi ya kuchimba mfereji wa kuunganisha Ziwa Michigan na mto Illinois walikuwa wakiuza viwanja ili wapate fedha. Kwenye ramani ya viwanja hivyo wakaacha ukanda wa ardhi kando ya ziwa na kuuandikia maneno machache. Maana yake ni kwamba eneo hilo ni la umma na litabaki milele wazi, bila majengo wala kizuizi chochote. Watu wakanunua viwanja vya ng'ambo ya barabara wakijua kwamba mbele yao kutakuwa na ziwa na hewa.

Kisha kila mtu akasahau. Mwaka 1852 kampuni ya reli ya Illinois Central ikaruhusiwa kupitisha njia yake majini, mbele ya ufukwe, kwa sharti la kujenga ukuta wa kuzuia mawimbi. Baada ya moto mkubwa wa 1871 uliounguza sehemu kubwa ya mji, kifusi kikamwagwa kati ya ufukwe na reli. Yaani sehemu ya bustani wanayokanyaga leo ni matofali ya nyumba zilizoungua! Kufikia miaka ya 1880 ilikuwa ni takataka, vibanda na kelele za treni.

Hapo ndipo anapoingia bwana mmoja mfanyabiashara, Aaron Montgomery Ward. Tangu 1872 alikuwa akiuza bidhaa kwa katalogi: mkulima anachagua jembe au shati kwenye kitabu, anatuma fedha, mzigo unamfuata. Ofisi yake ilikuwa Michigan Avenue, ikitazama ule uchafu. Mwaka 1890 akaenda mahakamani akiwa na hoja moja tu, kwamba ramani ya 1836 ni ahadi, na yeye ni mwenye kiwanja kilichouzwa kwa ahadi hiyo.

Naomba tukae kidogo hapa, maana watu wengi wanamsimulia Ward kama mtetezi wa wanyonge na kuishia hapo. Kisheria hakushinda kwa sababu bustani ilikuwa ya umma. Alishinda kwa sababu maandishi yale yalimpa haki mwenye kiwanja cha jirani, na haki hiyo inalindwa na mahakama. Mama ntilie aliyekuwa akipumzika chini ya mti hapo asingekuwa na kesi. Ilibidi atokee tajiri mkaidi mwenye hati.

Na ukaidi alikuwa nao! Kesi zilifuatana kwa takriban miaka 20. Kubwa kuliko zote ilihusu makumbusho. Tajiri mwingine, Marshall Field, alifariki 1906 akaacha dola milioni 8 kwa ajili ya makumbusho, na wakubwa wa mji walitaka yajengwe katikati ya Grant Park (jina hilo lilianza kutumika 1901). Daniel Burnham, mchora mipango maarufu, aliyaweka pale pale kwenye Mpango wa Chicago wa 1909. Fikiria: makumbusho ya sayansi, fedha ipo mezani, halafu mtu mmoja anasema hapana. Magazeti yalimwandama vibaya. Yeye hakuwa mpenda kuongea na waandishi, na alipokubali hatimaye mwaka 1909 alilalamika kwamba laiti angejua itachukua miaka mingi hivyo kuwahifadhia watu bustani ambayo wenyewe hawaitaki, labda asingeanza. Alishinda. Makumbusho yakasogezwa kusini, kwenye ardhi iliyopatikana kwa kujazia ziwa, yakafunguliwa 1921. Ward alishafariki, 1913.

Sasa muziki unaingia wapi? Unaingia kupitia njaa. Sinema zenye sauti zilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1920, wanamuziki waliokuwa wakipiga ndani ya majumba ya sinema walikosa kazi mmoja baada ya mwingine (waulizeni wazee wa bendi za dansi walivyoonana na madisko). Ukaja na mdororo wa uchumi. Mwaka 1931 jiji likajenga jukwaa la muziki Grant Park upande wa kusini, lenye paa lililopinda mithili ya ganda la kombe, kwa kuiga lile la Hollywood Bowl. Lilikuwa la muda tu. Mwaka 1935 James Petrillo, kiongozi wa chama cha wanamuziki wa Chicago, akafanikisha maonyesho ya bure kila kiangazi, msikilizaji halipi lakini mpigaji analipwa. Maonyesho hayo ndiyo mzazi wa tamasha la Grant Park linaloendelea hadi leo.

Hilo jukwaa "la muda" lilidumu zaidi ya miaka 40. Kila aliyetaka kujenga la kudumu alikutana na mzimu wa Ward. Mwaka 1968, wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Democratic, waandamanaji wa kupinga vita ya Vietnam walikusanyika mbele yake na polisi wakawapiga marungu. Mwaka 1972 ukaletwa mpango wa jukwaa kubwa pamoja na maegesho chini ya ardhi. Wananchi wakaupinga, ukafa. Mwaka 1978 likapatikana jingine la kawaida sana, likapewa jina la Petrillo.

Tuje kwa Meya Richard M. Daley. Mwaka 1998 alitangaza mpango wa kufunika uwanja wa reli uliobaki kama kidonda kwenye kona ya kaskazini magharibi ya Grant Park, na juu yake kuweka bustani yenye jukwaa la muziki. Bajeti ilikuwa dola milioni 150, kazi iishe 2000. Ilifunguliwa Julai 2004 kwa gharama ya kama dola milioni 475. (Ucheleweshaji si ugonjwa wa Bongo peke yake.) Michoro ya mwanzo ilikuwa na jukwaa la kiasi. Kisha familia ya Pritzker, wenye hoteli za Hyatt, wakaja na dola milioni 15 na wakamtaka Frank Gehry.

Gehry akachora kitu chenye kwenda juu karibu mita 37, mikanda ya chuma kisichoshika kutu ikiwa imejikunja kama nywele zilizopigwa na upepo. Mita 37, mahali ambapo hairuhusiwi jengo! Dawa yake? Likaorodheshwa kama kazi ya sanaa. Kisheria lile si jengo, ni sanamu ambayo kwa bahati okestra inaenea ndani yake. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Ward alimzuia Field na makumbusho yake, miaka 90 na ushee baadaye neno moja likafungua mlango. Mwenye mabati wa kwetu akilisikia hili ataagiza sanamu kesho.

Lakini niwe mkweli, ukiangalia kazi yenyewe unaona kwamba katazo lile liliwafanya wafikiri. Ukumbi wa ndani wa Harris, uliofunguliwa 2003 nyuma ya jukwaa, sehemu yake kubwa imezikwa chini ya ardhi ili usijitokeze. Kwenye uwanja wa majani hakuna msitu wa nguzo za spika. Wamejenga juu yake wavu wa mabomba ya chuma, urefu wa kama mita 180 na upana wa 90, na spika zinaning'inia humo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyekaa mwisho kabisa angesikia spika iliyo juu yake kwanza na jukwaa karibu nusu sekunde baadaye, vurugu tupu. Basi spika za nyuma zinacheleweshwa kwa mitambo ili sauti zote zifike pamoja. Daraja la watembea kwa miguu lililo mashariki, nalo la Gehry, linakinga kelele za magari. Mbele kuna viti 4,000. Nyuma kuna majani ya watu 7,000, na kwenye tamasha la Grant Park majani ni bure.

Vita haikuishia hapo. Juni 2008, miezi mitano kabla ya usiku ule wa Obama, baraza la jiji lilipitisha makumbusho ya watoto yajengwe ndani ya Grant Park. Watu wakapinga, na 2012 mpango ukaachwa. Mwaka 2018 kikundi cha wananchi kikaenda mahakamani kuzuia kituo cha Obama mwenyewe kisijengwe Jackson Park, bustani nyingine ya ziwani ambayo ile ramani ya 1836 haiigusi. Mahakama hazikukubaliana nao, na ujenzi ukaanza 2021.

Juzi nilimsimulia mzee habari hii yote, kama jibu la swali aliloninyamazishia. Alipofika kwenye kesi ya kituo cha Obama akatikisa kichwa. "Watu wabishi hao, mwanangu. Mtu anawaletea maendeleo wanampeleka mahakamani?"

Nikamwambia, baba, hata Ward aliambiwa hivyo hivyo. Akasema nimtafutie ile hotuba aitazame tena.