Samba (programu)

Samba ni programu huria inayowezesha seva za Unix, Linux na mifumo ya uendeshaji inayofanana nazo kushirikiana mafaili na printa na kompyuta za Windows. Mtumiaji aliyeketi mbele ya Windows huiona seva ya Samba kana kwamba ni kompyuta nyingine ya Windows: hufungua folda, hunakili mafaili na kuyahifadhi bila kujua kwamba upande wa pili kuna mfumo tofauti. Samba hutumia itifaki ya SMB, iliyobuniwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1980 na kuendelezwa baadaye na Microsoft.

Historia

Samba ilianzishwa na Andrew Tridgell alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra. Kati ya mwisho wa 1991 na mwanzo wa 1992 alichunguza data zilizopita kwenye mtandao kati ya kompyuta yake na seva ya kampuni ya DEC, akajifunza itifaki kwa kutazama maombi na majibu yake, kisha akaandika seva yake mwenyewe. Jina la awali, smbserver, lilibidi kuachwa kwa sababu kampuni nyingine ilikuwa na haki juu yake. Tridgell akatafuta katika orodha ya maneno iliyomo kwenye kompyuta yake neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo, na "samba" likawa miongoni mwa yaliyopatikana.

Toleo la 3.0 lilitoka 2003. Mnamo Desemba 2007, kufuatia kesi ya Umoja wa Ulaya dhidi ya Microsoft, watengenezaji wa Samba walipata haki ya kusoma hati za itifaki zilizokuwa siri. Toleo la 4.0, linaloweza kusimamia mtandao wa Active Directory, lilitolewa Desemba 2012.

Kwa nini hitilafu hutokea

Hitilafu nyingi za Samba hutokea pale mifumo miwili yenye desturi tofauti inapokutana. Mfano mzuri ni nywila. Unix haihifadhi nywila yenyewe bali matokeo ya hesabu iliyofanywa juu yake. Windows hufanya vivyo hivyo, lakini kwa hesabu nyingine. Matokeo ya upande mmoja hayawezi kugeuzwa kuwa ya upande wa pili. Ndiyo maana seva ya Samba inayojitegemea huwa na orodha yake ya nywila, na mtu anayeingia kwenye seva kwa ssh bila shida anaweza kukataliwa na Samba kwa jina lilelile na nywila ileile. Dawa yake ni kumwongeza kwa amri smbpasswd -a, wala si kubadilisha nywila yake ya Unix.

Ruhusa nazo hupita milango miwili: mipangilio ya folda katika faili la smb.conf, na ruhusa za Unix za saraka yenyewe kwenye diski. Mlango ulio mkali zaidi ndio unaoamua. Kuandika "read only = no" katika smb.conf hakumsaidii mtumiaji ambaye Unix inamzuia kuandika humo, au hata kupita katika saraka iliyo juu yake.

Upimaji

Hati za Samba zina orodha ya majaribio kumi iliyoandikwa na Tridgell, na wazo lake bado lina nguvu: anza karibu, kisha nenda mbali. Jaribio lililoshindikana lirekebishwe kwanza kabla ya kuendelea na linalofuata.

Kwanza, amri testparm husoma smb.conf na kuonyesha makosa ya uandishi. Haihakikishi kwamba seva itafanya kazi. Inathibitisha tu kwamba mipangilio inasomeka. Kisha, kwenye seva yenyewe, mtunzaji huandika smbclient -L localhost -U asha (asha akiwa jina la mtumiaji) ili kuona orodha ya folda zinazoshirikiwa. Jaribio hili lina faida kubwa, kwa kuwa linaondoa kebo, swichi na Windows katika hesabu. Likifaulu hapo na kushindwa kutoka kompyuta nyingine, tatizo liko njiani, mara nyingi kwenye ukuta wa moto unaofunga poti ya TCP 445.

Ujumbe wa kosa usomwe neno kwa neno. NT_STATUS_CONNECTION_REFUSED kwa kawaida humaanisha kwamba programu smbd haijawashwa au haisikilizi kwenye anwani hiyo. NT_STATUS_LOGON_FAILURE huhusu jina au nywila. NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME hutokea jina la folda likikosewa, au saraka iliyotajwa ikiwa haipo kwenye diski. NT_STATUS_ACCESS_DENIED wakati wa kufungua folda mara nyingi ni suala la ruhusa, na hapo njia ya haraka ni kuiacha Samba kando: sudo -u asha ls /srv/nyaraka. Kama amri hiyo nayo inakataliwa, kosa si la Samba. Ikifaulu, na seva ni ya jamii ya Red Hat, inafaa kutazama SELinux, ambayo huizuia Samba kugusa saraka isiyo na lebo ya samba_share_t.

Upande wa Windows, net view \\seva na net use z: \\seva\nyaraka hutoa taarifa nyingi kuliko kubofya picha kwenye skrini. Kosa namba 1219 huwachanganya wengi: Windows hairuhusu mtumiaji mmoja kuunganishwa na seva ileile kwa majina mawili tofauti. Muunganisho wa zamani hauna budi kukatwa kwanza.

Seva kutoonekana kwenye orodha ya mtandao ya Windows si lazima iwe hitilafu. Orodha ya zamani ilitegemea SMB1, ambayo Samba imeizima tangu toleo la 4.11 la 2019. Seva kama hiyo hufunguka vizuri jina au anwani yake ikiandikwa moja kwa moja.

Usalama

Mtunzaji aliyechoka hushawishika kufungua kila kitu: chmod 777, wageni bila nywila, ukuta wa moto kuzimwa, SMB1 kurudishwa. Hitilafu hutoweka, na hatari huingia. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia dosari ya SMB1 katika Windows. Mwezi huohuo ilitangazwa dosari ya Samba yenyewe, CVE-2017-7494, iliyokuwamo tangu toleo la 3.5.0: mtu aliyeweza kuandika katika folda ya pamoja aliweza kupakia humo faili la programu na kuifanya seva iliendeshe. Folda iliyoachwa wazi kwa wageni kuandika ndiyo hasa iliyomrahisishia mshambuliaji kazi.

Kufungua kwa ajili ya jaribio kunafaa kufanywa kwenye folda tupu ya muda, ambayo hufutwa chanzo kikishajulikana.