Karatasi ya Msowero na Bundi wa Amani

Ukitoka Dumila kwenda Kilosa unapita Msowero. Aliyesoma historia shuleni anamjua Chifu Mangungo wa Msowero, aliyelaghaiwa na Karl Peters kutia alama kwenye mkataba mwezi Novemba 1884. Kwa karatasi ile na nyingine za eneo la Usagara, Wajerumani walidai ardhi, na misitu ikaenda nayo. Nimeifuata njia hiyo hadi Mvumi, milima ya Ukaguru ikiwa upande wa magharibi. Kando ya barabara magunia ya mkaa yamesimama, midomo imezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba.

Yaliyofuata karatasi zile yalifika Usambara Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti huko Amani, na mwaka 1908 Anton Reichenow wa Berlin akamtangaza bundi mkubwa wa msitu wa huko, akampa jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa Amani. Zama za Waingereza, Reginald Moreau aliendeleza utafiti wa ndege akiwa na Salimu Asumani, Mwafrika ambaye sifa aliyopewa ni ndogo kuliko alivyostahili.

Bundi huyo ana urefu wa karibu nusu mita, huishi kwenye msitu mnene wa milimani, na ameonekana Usambara na Uluguru. Ukaguru na Rubeho ni milima ya safu ileile na hiyo, Tao la Mashariki, na bado ina mengi ya kutuonyesha: mwaka 2009 tu watafiti, Mtanzania Jacob Kiure akiwamo, walitangaza kidege cha Rubeho kuwa spishi ya peke yake.

Misitu hii haitalindwa kwa kuwafukuza wachoma mkaa. Mwaka 2012 shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG na mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, MJUMITA, walianza kufanya kazi na vijiji vya Kilosa: kijiji kinatenga msitu wake, kinavuna vitalu vya mkaa kwa zamu, visiki vinaachwa vichipue kwa miaka 24, na ushuru unabaki kijijini. Huo ndio mkataba ambao Mangungo hakupewa. Kinachotakiwa sasa ni kupanda milima ya Ukaguru na Rubeho usiku na vinasa sauti kumtafuta bundi yule, kwa sababu bundi wa msituni husikika kabla hajaonekana, na asiyesikilizwa hawezi kuingizwa kwenye mpango wowote wa msitu.

Nawe msomaji, bundi akilia juu ya paa lako, usimrushie jiwe. Hajaleta msiba.