Uvira na Kalemie: Maji ya Ziwa Tanganyika yalikwisha kufika hapa zamani

Mwaka 2024 ziwa lilipoingia katika nyumba za Uvira na Kalemie, wakaaji wengi walishangaa. Wazee hawakushangaa.

Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, pale Kalemie. Mwaka 1876 Stanley alikuta mlango huo umezibwa na potopoto na matete, na ziwa linapanda. Miaka miwili hivi baadaye maji yalivunja kizuizi hicho. Ziwa likashuka karibu metre 10, na watu wakapata udongo mpya wa kulima na kujenga.

Mvua kubwa za 1961 na 1962 zikalipandisha tena, hadi likajaa sana mwaka 1964. Kisha likashuka, na nyumba zikalifuata hadi ufukoni.

Katika tambarare ya Ruzizi shida ni nyingine. Mvua ni haba, na wakulima wa mpunga wanategemea mifereji ya maji ya mito ya milimani. Lakini mvua ikizidi milimani, mito inashuka kwa hasira, kama Mulongwe ilivyobomoa nyumba Uvira mwezi wa nne 2020.

Ukame ukirudi, ziwa litashuka, na viwanja vya ufukoni vitauzwa tena. Familia inayotaka kujenga upya iulize wazee kwanza: mwaka 1964 maji yalifika wapi? Ijenge juu ya hapo.