Taa na hita za tangi la samaki: kisa cha stima ya Ruiru

Leo kodi tunaiweka kando. Jamaa wa Thika ameniuliza: tangi la kwanza lenye mimea ninunue taa kwanza au hita?

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, maporomoko ya Mto Ruiru yalikuwa tayari yanaipa Nairobi stima. Huko Ulaya, waliofuga samaki wa kitropiki wakipasha tangi kwa mwali wa gesi chini yake (hebu fikiria!). Hita za kuzamishwa majini, zinazojizima zenyewe, zilikuja baadaye. Tyubu ziliingia sokoni 1938. LED kali ya buluu ya Shuji Nakamura, 1993, ikafungua njia ya taa nyeupe zisizokula stima.

Watu hudhani karibu na ikweta hita ni anasa. Lakini Thika na Ruiru ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari; usiku wa Julai maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20, na samaki wengi wa dukani wanataka 24 hivi. Hita kwanza, basi: wati 1 kwa lita. Taa, LED ya kawaida, saa 8. Ukizidisha unafuga mwani.

Na tangi liwe kubwa. Mwaka 2000 ukame ulipunguza maji ya mabwawa ya Tana, stima ikagawiwa kwa zamu. Giza likiingia, lita 100 hupoa polepole kuliko 30.