Koboko: Nchi Iliyobaki Bila Watu

Wananchi wa nchi hupungua kwa vifo au kwa uzazi mchache, hayo yanajulikana. Ipo njia ya tatu, ambayo askari na polisi wanaifahamu kuliko daktari: watu kuhama usiku mmoja kwa kuogopa bunduki. Hayo ndiyo yaliyoipata Koboko, pamoja na gombolola yake ya Lobule, katika West Nile.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipofariki Desemba 1909, nchi ya Lado aliyokuwa ameikodi ilirudishwa kwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Wakakwa wakajikuta chini ya serikali tatu, bila udugu wao kukatika. Leo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana Salia Musala, karibu na Koboko. Anayekimbia kutoka huko haendi ugenini. Huenda kwa mjomba wake.

Serikali ya Idi Amin ilianguka mwaka 1979, na askari wake wengi wakakimbilia Sudan na Zaire. Oktoba 1980 waliingia tena West Nile kwa silaha. Jeshi la serikali ya wakati huo, UNLA, lilipoirudia nchi halikumtenga adui na mkulima. Nyumba zilichomwa, mali zikaporwa, raia wakauawa. Tarehe 24 Juni 1981, waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo humo. Maelfu kwa maelfu wakavuka mipaka, na mashamba yakamezwa na nyasi. Isidhaniwe kwamba hiyo ni ada ya vita. Jeshi linalowafukuza raia huwafukuza wakulima wanaolilisha, walipa kodi wanaolilipa mshahara, na vijana ambao kesho wangeandikishwa humo.

Waliporudi, wengi wao katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, walirudi na watoto waliozaliwa uhamishoni. Watoto hao ni wa nchi gani? Katiba ya mwaka 1995 ilijibu waziwazi: aliyezaliwa ndani au nje ya Uganda ni raia wa kuzaliwa, ikiwa mzazi wake mmoja, au babu au bibi yake, alikuwa raia wa kuzaliwa. Jedwali la Tatu la Katiba hiyo linawataja kwa majina Wakakwa, Wakuku, Walugbara na Wanubi. Uraia ukafuata ukoo, si kambi. Serikali nyingine duniani hutoa fedha ili wananchi wazae zaidi. Uganda iliwahesabu kwanza wale waliokwisha kuzaliwa.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilishika nafasi ya ile ya mwaka 1960, ambayo ilimtazama mkimbizi kama mgeni wa kudhibitiwa. Sheria mpya inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na jamaa yake wana haki ya kuingia na kukaa pamoja naye. Polisi wa mpakani anayemtenga mama na watoto wake anavunja sheria hiyo, hata kama amri aliyopewa ilikuwa kali.

Koboko ikawa wilaya mwaka 2005, na hesabu ya mwaka 2014 ilikuta humo watu zaidi ya laki mbili. Mwaka 2013 makazi ya wakimbizi yalifunguliwa Lobule kwa ajili ya Wakongo, katika eneo ambalo ardhi yake ni ya koo. Wengi wa wageni hao ni Wakakwa, na miongoni mwa waliowapokea walikuwapo waliowahi kulelewa ng'ambo ile ile walikotoka wageni.