Herufi moja yageuza deni: Makosa ya tahajia yanayopotosha maana

UJUMBE wa simu unaosema “Juma ana deni” na ule unaosema “Juma hana deni” hutofautiana kwa herufi moja tu. Wa kwanza unamtia Juma katika daftari la wadaiwa, wa pili unamtoa. Mweka hazina wa chama aliyezoea kudondosha herufi ‘h’ anaweza kumfanya mtu aliyekwisha kulipa adaiwe tena, na wala asitambue kwamba kosa ni lake.

Malalamiko kuhusu tahajia, au hijai kama wanavyopenda kuiita watahini wa shule, yamekuwa mengi tangu simu za mkononi zilipomfanya kila mtu kuwa mwandishi. Wapo wanaokerwa na “xaxa”, wapo wanaokerwa na “masaa”, na wapo wasiovumilia kuona “ndio” mahali pa “ndiyo”. Hata hivyo, makosa hayalingani kwa uzito. Baadhi hukera jicho tu, ilhali mengine hugeuza maana, na haya ya pili ndiyo yanayostahili kukemewa kwanza.

Uzito huo umeongezeka tangu Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza. Maelezo ya shahidi, kumbukumbu za mkutano na barua ya kuomba kazi si mambo ya mzaha.

Ukanushi unaotegemea ‘h’

Mtu akiandika “ajui” badala ya “hajui”, au “ajafika” badala ya “hajafika”, msomaji hukunja uso lakini huelewa. Irabu ‘i’ mwishoni mwa kitenzi cha kwanza, na ‘-ja-’ katikati ya kitenzi cha pili, bado zinabeba ukanushi hata baada ya ‘h’ kuanguka.

Wakati ujao hauna kinga hiyo. Kiambishi ‘-ta-’ hutumika katika kukubali na katika kukanusha pia, kwa hivyo “atalipa” na “hatalipa” hutenganishwa na ‘h’ peke yake. Hali ni hiyo hiyo kwa nafsi ya pili umoja: “utalipa” na “hutalipa”. Vivyo hivyo “una” na “huna”, “ana” na “hana”. Wingi una nafuu, kwa maana “awatalipa” na “atutalipa” si maneno ya Kiswahili, na msomaji hujua mara moja kwamba kuna kitu kimedondoka.

Kudondosha ‘h’ ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni ya wale wanaoiongeza pasipohitajika, pengine kwa kuogopa kuidondosha. Hawa huandika “hamefika” kwa “amefika” na “hau” kwa “au”. Mchuuzi anayetangaza kwamba anauza “hasali” safi anazungumzia mtu asiyesali, si kile kitokacho mzingani. Hilo ni la kuchekesha. Lakini anayeandika “mgeni hatafika saa nne”, akikusudia kwamba mgeni yumo njiani, ameivunja safari, na mwenyeji hatakwenda kumpokea mtu kituoni.

Chanzo ni matamshi. Wazungumzaji wengi wa bara hujifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama, na katika baadhi ya lugha hizo sauti ‘h’ haipo au hutokea mahali tofauti. Anayetamka “apana” huandika “apana”. Shuleni mwalimu alimsahihishia daftari, lakini ujumbe wa simu hausahihishwi na mtu.

Panapohusika fedha au ushahidi, ipo njia rahisi ya kuepuka hatari hii. Badala ya “hana deni”, na iandikwe “hadaiwi”. Hata ‘h’ ikianguka, “adaiwi” haiwezi kusomwa kama “anadaiwa”. Badala ya “hatalipa”, heri kuandika “amekataa kulipa” au “hawezi kulipa”, kutegemea hali ilivyo, maana aliyekataa na asiyeweza si mtu mmoja.

Kudhibiti na kuthibitisha

Mkanganyiko wa ‘dh’ na ‘th’ unafuata kwa uzito. “Kipindupindu kimethibitishwa” ni habari ya kuogofya: vipimo vimeonyesha kwamba ugonjwa upo. “Kipindupindu kimedhibitiwa” ni habari ya faraja: ugonjwa umezuiwa kuenea. Sasa kuna neno la tatu, “kudhibitisha”, linalosikika mara kwa mara midomoni mwa viongozi na kusomwa katika taarifa nyingi. Aghalabu msemaji hukusudia kuthibitisha. Mzazi mwenye wasiwasi kijijini anaweza kusikia kudhibiti, na akaendelea kuchota maji mtoni bila kuyachemsha.

Maneno haya mawili yana asili ya Kiarabu, ambako yalianza kwa konsonanti tofauti kabisa. Sauti ‘th’ katika “thamani”, “thawabu” na “theluthi” ilitokana na herufi moja ya Kiarabu. Nayo ‘dh’ ilikusanya herufi tatu ambazo tahajia sanifu ya Kiswahili haizitofautishi. Ndiyo sababu “dhahabu”, “dhamana” na “dhuluma” zote zinaanza kwa namna moja. Asiyejua Kiarabu hana budi kuyakariri maneno haya, na hakuna njia ya mkato.

Nchini Kenya kuna sababu nyingine isiyotajwa mara nyingi. Katika maandishi ya Kikuyu, ‘th’ husimamia sauti ambayo Kiswahili huiandika ‘dh’. Jina la mji wa Thika, likitamkwa kwa Kikuyu, huanza kwa sauti ya “dhahabu” wala si ya “thelathini”. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kikuyu, kisha akaandika “thahabu” katika insha ya Kiswahili, si mvivu. Anafuata kanuni ya lugha nyingine kwa uaminifu, na mwalimu anayefahamu hivyo atamsaidia upesi kuliko yule anayemcharaza kwa kalamu nyekundu.

Jozi nyingine yenye kuleta hasara ni “thamini” na “dhamini”. Kampuni inayoithamini timu huipenda na kuiheshimu. Inayoidhamini huitolea fedha. Timu nyingi zingependelea la pili. Mshtakiwa naye huachiliwa kwa dhamana, si kwa thamani.

Kuhusu ‘l’ na ‘r’ hapana haja ya maneno mengi, kwa kuwa kila Mkenya amesikia mzaha wa wapiga “kula”. Itoshe kusema kwamba mahari hutolewa na mahali hufikiwa, na kwamba aliyealikwa kwenye kalamu badala ya karamu atalala njaa.

Maneno yaliyokatwa vipande

Kiswahili huunganisha viambishi na mzizi, hata neno moja likawa sentensi kamili. Katika “nimekuona” mna mtendaji, wakati, mtendwa na tendo. Siku hizi neno kama hilo huandikwa “nime kuona” au hata “ni me ku ona”, kana kwamba limepasuka njiani. Mazoea ya Kiingereza, ambacho hutenga kiwakilishi na kitenzi, yanachangia. Simu zinachangia pia, kwani programu iliyowekwa kwa Kiingereza hulishuku kila neno refu la Kiswahili na kujaribu kulibadilisha.

Matokeo yake ni viroja. “Ali kuja jana” yaonekana kuwa habari za bwana aitwaye Ali. “Ana soma” ni amri kwa binti aitwaye Ana. Na anayeandika “si jui” amesahau kwamba “si” husimama peke yake mbele ya jina au kivumishi, kama katika “si mwalimu” na “si kweli”, bali hushikamana na kitenzi katika “sijui” na “sitaki”.

Wengine hutenda kinyume, wakaunganisha yanayotengwa: “kwasababu”, “kwahivyo”, “hatahivyo”. Tahajia sanifu huyaandika mbalimbali: kwa sababu, kwa hivyo, hata hivyo. Mwanafunzi mdadisi atauliza kwa nini basi “isipokuwa” na “ijapokuwa” yameunganishwa. Ukweli ni kwamba kanuni hapa haina mantiki kamili, na ni heri kukiri hivyo kuliko kumbunia sababu. Kamusi ndiyo mwamuzi.

Mwenye mbwa aliuma

Katika uteuzi wa maneno, kero kubwa ya wahariri wa Kenya ni “mwenye” linapofanyishwa kazi ya kirejeshi: “mtu mwenye alikuja”, “kitabu yenye nilinunua”. Sahihi ni “mtu aliyekuja” na “kitabu nilichonunua”, au “kitabu ambacho nilinunua” kwa anayependa kurefusha. “Mwenye” ni neno la kumiliki au la kuwa na sifa, kama mwenye nyumba na mwenye busara.

Huenda baadhi wakasema kwamba hayo ni mazungumzo ya mtaani tu na hayamdhuru mtu. Basi na waisome sentensi hii: “Mtoto mwenye mbwa aliuma amepelekwa hospitali.” Kwa lugha ya Nairobi, mbwa alimuuma mtoto. Kwa Kiswahili sanifu, mtoto mmoja anayefuga mbwa alimuuma mtu. Aliyeumwa amegeuka kuwa mwumaji, na iwapo maneno hayo yameandikwa katika taarifa ya polisi, mzazi ana kazi ya kueleza. “Mtoto aliyeumwa na mbwa” ingalimaliza maneno.

“Kupelekea” nalo limetoka nje ya boma lake. Jirani humpelekea mgonjwa uji. Mvua haipelekei mafuriko, bali huyaleta au huyasababisha. Matumizi haya mapya yametokana na kufikiri kwa Kiingereza, kama yalivyotokana “mwisho wa siku” kwa maana ya hatimaye. Kwa Mswahili, mwisho wa siku ni jioni, wakati wa kufunga duka. Vita dhidi ya “kupelekea” huenda vimekwisha kushindwa, kwa jinsi neno lilivyoenea hata katika vitabu, lakini “kusababisha” lingali hai na halijaomba likizo.

Makosa yasiyo makosa

Ziko kero ambazo mlalamikaji mwenyewe ndiye wa kurekebishwa, au walau wa kutulizwa.

Chukua mtindo wa kufupisha. Ujumbe mfupi wa simu ulipimwa kwa herufi 160, na kila ujumbe ulikuwa na bei yake. Aliyeandika “cjui” kwa “sijui” alikuwa akibana matumizi, na ufundi wake ulieleweka. “Xaxa” kwa “sasa” ni jambo jingine, maana haiokoi hata herufi moja. Ni pambo la vijana, na kati ya vijana halina hatia. Ubaya huja linapomponyoka mtahiniwa ndani ya chumba cha mtihani, na Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa nchini Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985.

“Masaa” nalo limevunja urafiki mwingi kuliko linavyostahili. Walimu husisitiza kwamba wingi wa saa ni saa. Wanaolitetea “masaa” hujibu kwamba linatenganisha wakati na muda: “alifika saa mbili” si sawa na “alingoja masaa mawili”. Hoja hiyo ina uzito. Anayetaka amani ataandika “alingoja kwa muda wa saa mbili”, lakini hapana msomaji aliyewahi kupotoshwa na “masaa”.

Jambo zito zaidi ni lahaja. Mwenyeji wa Mombasa akisema au kuandika “ndia” kwa njia, “mato” kwa macho, “kuteka” kwa kucheka au “mwengine” kwa mwingine, hakosei. Hicho ni Kimvita, lugha aliyonyonya kwa mamake, na ndiyo iliyobeba ushairi wa Muyaka bin Haji kabla ya Kiswahili sanifu kuwapo. Hata hivyo si ajabu kumwona mtu wa bara, aliyejifunza Kiswahili darasani, akimsahihisha mtu wa Pwani kwa ujasiri mkubwa na kumwambia hajui lugha yake.

Historia yapasa kumpunguzia ujasiri huo. Kwa karne nyingi Waswahili waliandika kwa hati za Kiarabu, kila mwandishi akifuata matamshi ya kwao. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja cha Zanzibar kiwe msingi wa lugha ya shule, na Kimvita kikaachwa kando katika mji wake wenyewe. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kusimamia usanifishaji. Kamusi ya Frederick Johnson ilifuata mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoka mwaka 1981.

Usanifu huo ulileta faida isiyopingika: kitabu kilichochapishwa Nairobi husomwa Dodoma bila mkalimani. Lakini ulikuwa uamuzi wa kiutawala kuhusu maandishi ya pamoja, haukuwa hukumu ya nani anajua Kiswahili na nani hajui. Mhariri akikuta “ndia” katika shairi lililotumwa kutoka Mombasa, huliacha lilivyo. Akilikuta katika tangazo la kufungwa kwa barabara, huandika “njia”, kwa sababu dereva wa lori anayetoka Kisumu anahitaji kujua apite wapi.