Mbwa wa Majini wa Mto Kilombero

Katika elimu ya kutambua samaki, kiumbe wa ajabu hutambulikana upesi, bali kiumbe afananaye na mwenzake huweza kukaa miaka mingi pasipo jina lake mwenyewe. Mnamo Desemba 1938, huko East London katika Afrika ya Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer aliona kati ya samaki waliovuliwa baharini mmoja mwenye mapezi mfano wa miguu. Alimpelekea J. L. B. Smith mchoro wake, na mwaka wa 1939 samaki huyo wa vilindini, silakanti, akapewa jina la Latimeria chalumnae. Ulimwengu ulistaajabu, kwa kuwa mabingwa walidhani jamaa zake wote wamekwisha kufa tangu mamilioni ya miaka. Alipopatikana wa pili katika visiwa vya Komoro mwaka wa 1952, ilidhihirika kwamba wavuvi wa huko walikuwa wakimjua, nao wakimwita gombesa.

Habari za samaki wa Kilombero ni kinyume cha hizo. Huyu hakujificha vilindini. Aliishi katika mto wa kila siku, akinaswa na kuliwa, wala hakumshangaza mtu. Kwa sababu hiyo alikaa muda mrefu akihesabiwa kuwa ni mwingine.

Mto Kilombero, ambao wengine huuita Ulanga, hukusanya maji ya milima ya Udzungwa upande mmoja na ya nyanda za juu za Mahenge upande wa pili, hupita karibu na mji wa Ifakara, kisha hukutana na Luwegu. Na hapo ndipo Rufiji uanzapo. Wakati wa masika maji hutapakaa mbugani, na samaki huyafuata ili kuzaliana na kupata chakula. Maji yapunguapo, hurudi mtoni. Wandamba, watu wa mitumbwi, wamejua desturi hiyo tangu zamani, na uvuvi wao wa nyavu, ndoana na migono umefuata majira yake.

Miongoni mwa samaki wa mto huo yumo mmoja mwenye mwili mrefu, mwembamba, wa rangi ya fedha, na mistari myeusi ubavuni. Meno yake ni makubwa na makali, nayo huonekana hata kinywa kinapofungwa. Huwinda samaki wenzake kwa mwendo wa kasi. Jamaa yake yote huitwa na wataalamu Hydrocynus, jina lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mbwa wa majini, nalo lilitolewa na Mfaransa Georges Cuvier mwanzoni mwa karne ya 19.

Katika karne hiyo majina ya jamaa hiyo yaliongezeka moja moja. Castelnau alimwandika Hydrocynus vittatus wa kusini mwa Afrika mwaka wa 1861. Günther akamwandika H. brevis mwaka wa 1864. Naye Boulenger mwaka wa 1898 akamwandika H. goliath, jitu la Kongo lipitalo urefu wa mita moja. Huyu wa Kongo hakuwa mgumu kupambanuliwa. Mbali na ukubwa wake, magamba ya mstari wa ubavuni mwake hupita 50, hali ya H. vittatus hayafiki hesabu hiyo. Ama samaki wa mito ya mashariki ya Tanganyika, yeye alifanana mno na H. vittatus, na kwa hiyo aliwekwa chini ya jina hilo, au chini ya majina mengine ya kale ambayo baadaye yaliunganishwa nalo.

Yafaa ieleweke jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Samaki alihifadhiwa katika chupa ya kemikali, akasafirishwa hadi Berlin, Hamburg au London, na huko mtaalamu ambaye pengine hakuuona mto wenyewe alihesabu magamba na miiba ya mapezi, akapima kimo cha mwili kwa urefu wake, akachunguza meno na mifupa. Hivyo ndivyo Georg Pfeffer wa Hamburg alivyoandika juu ya samaki wa Afrika Mashariki mwaka wa 1896, akatoa majina kama Alestes stuhlmannii na Distichodus petersii kwa heshima ya Stuhlmann na Peters, Wajerumani wawili waliosafiri na kukusanya viumbe. Hivyo ndivyo pia perege wa Rufiji alivyopewa jina la urolepis na J. R. Norman wa London mwaka wa 1922. Mvuvi aliyewanasa samaki hao hakutajwa katika majina yao.

Lakini haba na haba hujaza kibaba. Chupa zilipokuwa nyingi, ulinganifu uliwezekana. Mwaka wa 1986 Brewster alichapisha, katika jarida la Jumba la Makumbusho la Uingereza la viumbe vya asili, uchunguzi wa jamaa yote ya Hydrocynus. Aliwatazama upya samaki wa Ruvu na Rufiji, akaona kwamba hawafai kuhesabiwa pamoja na H. vittatus. Akawapa jina la Hydrocynus tanzaniae. Tangu 1861, alipoandikwa H. vittatus, ilikuwa imepita miaka 125. Jina hilo jipya liliingia katika kitabu cha David Eccles cha kutambua samaki wa maji baridi wa Tanzania, kilichotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka wa 1992. Mwaka wa 2011 Goodier na wenzake, wakichunguza chembe za urithi za jamaa hiyo katika Afrika, walionyesha kuwa mito ilivyotengana na kuungana katika mamilioni ya miaka ndivyo koo za samaki hao zilivyogawanyika, na kwamba ziko koo nyingine ambazo hazijapata jina.

Mtu aweza kuuliza: samaki huliwa vilevile, ajapoitwa hivi au vile, faida ya ubishi huu ni nini? Jibu limo katika mipaka ya makao yake. H. vittatus ameenea katika mito mingi ya Afrika. Akipungua mahali pamoja, wako wengine kwingine. Bali H. tanzaniae makao yake ni mito michache ya mashariki ya Tanzania. Akitoweka humo hakuna mahali pa kumchukua tena. Jina lilipobadilika, hasara iliyohesabika kuwa ya pembeni ikawa hasara ya kiumbe kizima.

Bonde hilohilo limekwisha kutoa funzo la jambo hili. Katika maporomoko ya Kihansi, ambayo maji yake huingia Kilombero, chura mdogo alionekana mwaka wa 1996, wakati mradi wa umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Maandishi ya kumtambulisha, kwa jina la Nectophrynoides asperginis, yalitoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Maji ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye mitambo, mnyunyizo aliouishia ulipungua. Mwaka wa 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka wa 2009 ilitangazwa kwamba porini wamekwisha. Na mwaka wa 2012 wakaanza kurudishwa. Jina lilipatikana, lakini lilichelewa.

Bonde la Kilombero liliandikishwa mwaka wa 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hata hivyo mashamba ya mpunga na ya miwa yamezidi kuenea, na chini ya makutano ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu limejengwa bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme huo ni haja ya kweli ya taifa, wala hapana aijuaye hali ya vijiji visivyo na taa atakayeubeza. Lakini ukuta huo umewatenga samaki wa juu na wa chini, na samaki anayefuata majira ya maji hawezi kuupanda. Atakayepima athari zake sharti ajue kwanza ni samaki yupi anayempima.

Iko pia kazi ya watu wa lugha. Vitabu vya samaki hao vimeandikwa zaidi kwa Kijerumani na Kiingereza, na majina ya wavuvi wa Kilombero, kwa Kindamba na kwa Kiswahili, yameandikwa kwa uchache. Majina hayo hugawa samaki kwa ladha, kwa umri, kwa mahali anapovuliwa na kwa majira yake, mambo ambayo chupa ya makumbusho haiwezi kuyahifadhi. Wazee wanaoyajua wangaliko Ifakara na katika vijiji vya mtoni, na mwanafunzi mwenye daftari anaweza kuanza kwao.